Safari Hii Nataka Kuona

Gari lilipokata kona ya mwisho, friji ya mteja iliyofungwa kamba kule nyuma iliyumba ikagonga bodi, na Kasoro akafumbua macho akajikuta katika mji asioujua. Aliona duka la vyuma, duka la dawa, duka jingine la dawa, kisha fundi anayeuza majeneza mbele kabisa ya ukuta wa hospitali. Akamtazama mumewe. Mumewe akajifanya anaangalia kioo cha pembeni.

"Umeona alipoweka biashara yake yule?"

"Mtu anakaa karibu na wateja," mumewe akasema, na neno lilipomtoka akatamani alirudishe.

Mama mkwe, aliyekaa upande wa mlango na chupa ya chai mapajani, alimwambia mwanawe aendeshe gari aache mdomo.

Walikuwa safarini tangu alfajiri. Kliniki ya kwao ilikuwa imempima Kasoro presha, ikampima tena, kisha muuguzi akatoka nje kwenda kunong'ona na mwenzake. Aliporudi alisema mimba imekomaa, presha inapanda, na kwa historia aliyokuwa nayo si vizuri kusubiri uchungu uje wenyewe. Aende hospitali kubwa ya mji wa jirani, akaanzishiwe. Mumewe, ambaye ni fundi friji, alikuwa na friji ya kupeleka mji uleule. Akaona ni bahati. Kasoro aliona ni kitu cha kutilia shaka, kwa sababu yeye haamini mambo yanayopangika yenyewe.

Langoni mlinzi aliinamia dirisha akauliza wanashusha nini.

"Mke," mumewe akajibu. "Friji ni ya mtaa wa pili."

Mlinzi aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akasema basi wasije wakakosea. Wote walicheka isipokuwa Kasoro, aliyekuwa anajiuliza mlinzi anayetania watu hivyo huwa analinda saa ngapi.

Kasoro si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na kiwanda cha soda. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kukaa kwenye kiti kirefu mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake, chupa tupu zikimpita kwenye mkanda kama watu wanaotoka uwanjani, na yeye kuichomoa ile yenye ufa, yenye mdomo uliomeguka, yenye mende au kipisi cha sigara ndani. Huichomoa kwa mkono wa kushoto bila kugeuza shingo, na kila akiichomoa hutamka "kasoro" kwa sauti ndogo, kama mtu anayesalimia. Wenzake wakalichukua neno hilo wakambandika.

Wasimamizi wa pale wana desturi moja. Ili kujua kama wakaguzi hawasinzii, huingiza kwenye mkanda chupa ya mtego, chupa iliyotiwa dosari makusudi. Mkaguzi akiiacha ipite, huitwa ofisini. Kasoro hajaitwa hata mara moja. Lakini kazi ya namna hiyo haibaki kiwandani. Nyumbani hanywi maji kabla hajainua glasi kwenye mwanga. Hukagua mayai, chenji, tabasamu za mawifi. Mumewe husimulia watu kwamba siku alipokwenda kuposa alihisi anapitishwa mbele ya taa, na hadi leo hana uhakika kama alipita au alisahauliwa.

Kitu kimoja tu kilimpita Kasoro bila kukiona, nacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Uzazi wa kwanza alishikwa na kifafa cha mimba. Anakumbuka maumivu, anakumbuka taa ya dari ikigawanyika mara mbili, basi. Walimchoma dawa za kumtuliza, mtoto akavutwa akatoka, na yeye alikuja kuzinduka siku ya pili mdomo ukiwa mkavu kama gunia. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na mtoto wa kike aliyekwisha kuogeshwa, kuvishwa na kushiba. "Wako huyu," akaambiwa. Akampokea.

Mtoto huyo sasa ana meno yanayong'oka na hupanda kila kinachopandika, ndiyo maana baba yake humwita Tumbiri. Kasoro anampenda mpaka kupenda kwenyewe kunamuuma. Lakini mara mojamoja, akimwogesha, humgeuza sikio kwenye mwanga. Hutazama vidole vya miguu, humtazama anavyocheka, akitafuta alama ya mtu yeyote wa ukoo wowote. Shaka hiyo hajawahi kumwambia mtu. Ni shaka ambayo ukiitamka unakuwa umemtukana mtoto, mume, mama mkwe na Mungu kwa sentensi moja.

Kwa hiyo safari hii alikuwa na haja moja tu. Awe macho. Amwone mtoto wake akitoka.

Hospitali zote duniani, tajiri na maskini, hunuka vitu viwili: dawa ya kusafishia sakafu, na kile ambacho dawa hiyo imeshindwa kukisafisha. Chumba cha kujifungulia cha hospitali hii kilikuwa na vitanda viwili vilivyotenganishwa na pazia la plastiki, kimoja kitupu. Wanaume hawakuruhusiwa ndani. Mumewe aliagana naye mlangoni, akamshika bega kama anayepima kama limekazwa vizuri, akaenda kushusha friji ya watu na kuahidi kurudi langoni. Mama mkwe aliruhusiwa kukaa kwenye kiti cha pembeni.

Mkunga alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi shingoni, na alizungumza na tumbo zaidi ya alivyozungumza na mwenye tumbo. Aliligusa, akalisikiliza, akaliambia, "Hujambo bwana mkubwa, leo utatoka utake usitake." Akapima njia, akasema imeanza kulegea kidogo lakini safari bado ndefu. Kisha akachukua kijiti chenye ncha kama sindano ya kufuma, na maji ya vuguvugu yakamwagika chini ya Kasoro.

"Chupa tayari imepasuka," mkunga akatangaza.

Kasoro akajikuta anatabasamu. Kiwandani angeitoa kwenye mkanda.

Mfuko wa dripu ukatundikwa. Dawa ya kuanzisha uchungu ilitiwa humo mbele yake, kwa sababu aliomba aoneshwe kichupa kabla hakijavunjwa shingo, akasoma kilichoandikwa ubavuni. Mkunga alimngoja asome kama mtu anayemngoja mtoto ajifunge kamba za viatu.

"Umeridhika?"

"Nimesoma tu, sista."

"Haya. Kuna na sindano ya maumivu. Uchungu wa kuanzishwa haubishi hodi, mwanangu, unaingia na viatu. Nikuchome ukizidi?"

"Inalevya?"

"Inatuliza. Utasinziasinzia kati ya uchungu na uchungu."

"Basi sitaki."

"Hapa hatutoi zawadi ya ushujaa."

"Si ushujaa, sista. Safari hii nataka kuona."

Mkunga alimwangalia juu ya miwani, akasubiri maelezo, hakupewa. Akasema ni hiari yake, mdomo anao, akibadili nia aite. Akalegeza kigurudumu cha plastiki kilicho kwenye mrija, matone yakaanza kuanguka kwenye kile kikopo kidogo chini ya mfuko, na akatoka, kandambili zake zikimpigia makofi njia nzima.

Mkunga alikuwa amesema kweli. Uchungu wa uzazi wa kwanza ulianza kama mtu anayepita barabarani, akarudi, akasimama mlangoni. Huu ulikuwa tayari sebuleni. Ulimkamata kiuno kwa mikono miwili ukamkamua mpaka pumzi ikamtoka kwa mlio asioutambua kuwa ni wake, na kabla hajameza mate ukaja mwingine. Mama mkwe alisimama, akakaa, akasimama. Alimfuta jasho kwa ncha ya kitenge. Alimsugua mgongo kwa kiganja kigumu, akawa anamnong'oneza maneno ya lugha ya kwao ambayo Kasoro, baada ya miaka yote ya ndoa, anayaelewa nusu: maneno ya kumbembeleza mnyama anayeogopa.

Halafu uchungu ukapoa. Ulikuja, lakini umechelewa na umechoka, kama mfanyakazi wa siku ya mwisho wa mwezi.

Kasoro aliinua macho kwenye kile kikopo. Hakuyahesabu matone, maana mkaguzi hahesabu chupa. Macho yenyewe hushika mwendo, na mwendo ukibadilika mkono hujua kabla ya kichwa. Matone yalikuwa yamepungua kasi. Mkunga aliporudi, akayatazama, akaguna, akagusa kigurudumu, na uchungu ukarudi na viatu vyake. Mkunga akatoka. Baada ya muda matone yakalegea tena.

Ilitokea hivyo tena, na tena, na mpaka mchana ulipogeuka Kasoro alikuwa amejenga kesi nzima kichwani. Mkunga anafungua akiwepo, aonekane anafanya kazi, na akiondoka anafunga kwa namna fulani, pengine anakibana kigurudumu kwa kidole wakati anageuka. Kwa nini? Sababu hazikukosekana. Alikuwa amemsikia kwenye korido akicheka na simu, akimwambia mtu kwamba leo atatoka mapema. Mgonjwa asiyeendelea hupelekwa chumba cha upasuaji, na mgonjwa wa upasuaji si mzigo wa mkunga tena. Au labda anamkomoa kwa kukataa sindano. Au kuna mambo makubwa zaidi ya hayo. Hapo kesi ilimpeleka mahali asipotaka kwenda, kwenye mlango mwingine wa hospitali nyingine, na mtoto aliyekwisha kuvishwa. Aliyeumwa na nyoka, ukuti ukimgusa huruka, na Kasoro alikuwa amelala amefungwa mrija mkononi, hawezi kuruka.

Alitaka kumwambia mama mkwe, lakini mama mkwe alikuwa mtu wa kuogopa makoti meupe. Angesema tu tumshukuru Mungu.

Daktari alikuja alasiri, kijana mwenye sauti ya upole na macho ya mtu aliyelala kwenye kiti. Alipima presha, uso ukabadilika kidogo, akaurudisha. Alipima njia. Akamwambia mkunga kwamba kwa kiwango walichofikia cha dawa alitegemea makubwa zaidi. Kisha akamgeukia Kasoro akamweleza taratibu kwamba presha yake haipendi kusubiri. Ikifika jioni bila maendeleo, watamfanyia upasuaji.

"Nitalazwa usingizi?"

"Hapana, mama. Ganzi ya mgongo. Utakuwa macho kabisa. Tutaweka tu pazia hapa kifuani ili usione."

Ili usione. Aliyasema hayo kama anampa zawadi.

"Daktari," Kasoro akasema, "dripu yako haiendi kiwango hicho. Muulize sista anayeifunga."

Mkunga alivaa miwani, akainama kwenye mrija, na kweli kigurudumu kilikuwa kimeshuka karibu kubana. Shingo yake ilivimba.

"Mimi niliiacha inakwenda," akamwambia daktari, si Kasoro.

Daktari alisema huenda mkono ulijikunja, huenda mrija ulilaliwa, mambo hayo hutokea. Alisema hivyo kwa haraka ya mtu anayefunika sufuria. Alipotoka, mkunga alikirekebisha kigurudumu kwa vidole viwili, polepole, Kasoro akimtazama kila anachofanya.

"Mwanangu, nina watoto wangu nyumbani," akasema. "Mimi nikikuchelewesha wewe, nachelewa na mimi. Kama unadhani napenda sana kukaa humu, umenipa sifa nisiyostahili."

Akaondoka, na safari hii kandambili hazikupiga makofi. Mama mkwe, aliyekuwa akifunga na kufungua kifuniko cha chupa ya chai, alisema kwa sauti ya chini kwamba si busara kugombana na mtu aliyekushika mguu.

Kasoro alikuwa anafikiria chupa ya mtego. Ukitaka kumjua anayepitisha vibaya, usimkodolee macho. Mpe kitu cha kupitisha, kisha geuza uso. Uchungu uliofuata alipoumaliza, akalaza kichwa upande wa mrija, akaachia taya, akavuta pumzi ndefu nzito kama za mumewe akishiba. Macho aliyaacha wazi kiasi cha uzi. Mlango alikuwa anauona, na kigurudumu pia. Alisubiri kandambili.

Kandambili hazikuja. Kilichokuja ni mkono, kutoka upande ambao hakuwa anaulinda. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, wenye pete ya shaba iliyozama kwenye kidole kwa sababu kidole kiliendelea kunenepa na pete haikuendelea. Ulikikuta kigurudumu bila kupapasa, kama mkono unaojua swichi ya taa ilipo gizani, ukakisukuma chini. Matone yakalegea. Methali ya kikulacho kila mtu anaijua, na hakuna anayeikumbuka kabla hajaumwa.

"Mama."

Mkono haukuruka. Ulibaki palepale kwenye mrija.

"Unafanya nini, mama?"

"Napunguza kidogo," mama mkwe akasema, kwa sauti ya mtu aliyeinamia jiko.

Mama mkwe alianza kueleza, na alieleza yote bila kukaa. Siku ile ya Tumbiri alikuwepo. Alimwona mkwewe akilia kwa maumivu, yakazidi, yakazidi, kisha macho yakageuka meupe na miguu ikaanza kurusharusha kitanda. Tangu siku hiyo anajua kwamba maumivu yakipita kipimo ndiyo yanayoleta kile kitu. Na hawa watu wa leo wameyafungulia kama maji ya bustani, na yeye mgonjwa mwenyewe kakataa sindano. Sasa afanye nini? Akae amtazame anakufa mara ya pili? Kila alipomwona anauma kitenge, alipunguza. Akipumua vizuri, aliacha. Hakukusudia waje na habari za kisu.

"Si maumivu yaliyoleta, mama. Ni presha."

"Mimi niliyaona maumivu. Presha sikuiona."

Jibu hilo Kasoro angeweza kulitoa yeye mwenyewe, na kwa sababu hiyo lilimkasirisha zaidi. Alimtazama mwanamke huyo ambaye amekuwa akila naye sahani moja, akaona mkono uliomkabidhi Tumbiri ndio huu. Kesi yote aliyoijenga tangu asubuhi ilimwacha mkunga ikahamia kitini pale. Na swali alilolificha miaka yote, hata kwenye sala, likatoka kabla hajalivisha nguo.

"Na siku ile? Tumbiri ulimwona akitoka?"

Mama mkwe aliuachia mrija. Akakaa.

"Hapana," akasema.

Uchungu ulikuja katikati ya neno hilo, mdogo, dhaifu, na wote wawili wakaungoja uishe kama watu wanaongoja pikipiki ipite waendelee kuzungumza.

"Walinitoa nje," mama mkwe akaendelea. "Wakafunga mlango. Nikasikia mtoto analia, lakini siku ile walilia wengi. Baadaye mlango ukafunguliwa, nikapewa mtu amefungwa kitambaa. Nikasema asante."

"Hukuuliza?"

"Niulize nini, mwanangu? Wewe huamki. Nilikuwa na watu wawili wa kuombea wasife. Nikapewa, nikachukua." Akageuzageuza ile pete isiyogeuka. "Usidhani ni wewe peke yako uliyemtazama masikio."

Kasoro alijiinua kwa kiwiko.

"Ukaona nini?"

"Sikuona kitu. Nikaacha. Anakula kwangu, analala kwangu, ananijibu jeuri kama baba yake alivyokuwa akinijibu. Siku moja nikajikuta nimeacha."

Nje kulikuwa na sauti ya mtu anaburuta ndoo. Kasoro alimwambia mama mkwe aende amwite sista, na amweleze yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Mama mkwe alitazama mlango kama unaofunguka kwenye maji marefu. Akajifunga kitenge upya kiunoni, akaenda.

Mkunga aliporudi hakupiga kelele. Hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Alimwambia mama mkwe, kwa heshima zote za kumwambia mtu mzima, kwamba akae kwenye benchi ya nje na asiingie mpaka aitwe. Alieleza kwa ufupi hatari waliyokuwa wanaielekea: yeye anaongeza kiwango akidhani dawa haifanyi kazi, mwingine anapunguza, na kama mrija ungeachiwa wote kwa mkupuo, tumbo lingeshikwa na uchungu usioachia na mtoto angekosa hewa. Kisha akafunga dripu kabisa, akampumzisha, akaanza upya kutoka chini, akiwa amevuta kile kiti akakikalia yeye.

"Na mimi ukanifungulia kesi mbele ya daktari," akasema.

"Nisamehe, sista."

"Nitakusamehe ukimaliza kusukuma."

Kilichofuata Kasoro hawezi kukisimulia kwa mpangilio, na watu wengi waliopita humo hawawezi. Uchungu haukuwa tena na mwanzo na mwisho. Ulikuwa na kilele tu. Mfupa wa nyonga ulifunguka kama mlango uliovimba kwa mvua, kwa kulazimishwa. Alitapika chai yote. Alimshika mkunga mkono, mkunga akamwambia ashike chuma cha kitanda, chuma hakiendi kazini kesho. Kila baada ya muda mkanda wa presha ulimbana mkono, na kila mara alimtazama mkunga usoni kusoma kama anaficha kitu, na kila mara mkunga alimsomea kwa sauti bila kuombwa. Jua lilihama kutoka sakafuni likapanda ukutani. Na ikafika wakati ambapo Kasoro, aliyesafiri mpaka huku kwa ajili ya macho yake, alitamani kuyafumba asiyafumbue, na akaiomba sindano.

"Sasa hivi nikikuchoma, mtoto naye atatoka amelala," mkunga akasema. "Umeshafika, mwanangu. Njia imekwisha."

Aliinua kichwa cha kitanda, akamwekea mto mgongoni, akaisogeza taa ya miguu mirefu mpaka ikamulika palipotakiwa.

"Ulitaka kuona. Ona."

Akaona. Kwanza kitu cheusi chenye nywele zilizolowa, kinatokeza na kurudi, kama kinachungulia na kughairi. Moto wa kuchanika. Kisha kichwa kizima, uso umeelekea chini, na kichwa hicho kikageuka chenyewe upande, bila mtu kukigeuza, kama mtu aliyeitwa jina lake. Bega likafuata. Halafu mwili wote ukateleza kwa pamoja, wa zambarau, umepakwa utando kama wa mafuta, na kamba ya kitovu nene inayopiga ikitoka kwake yeye kwenda kwa mtoto. Hakukuwa na mlango kati yao, wala kitambaa. Alikuwa wa kiume. Akalia kwa hasira ndogo.

Mkunga alimlaza juu ya kifua chake. Kasoro alimkagua. Hakuweza kujizuia. Vidole, kisogo, sikio la kushoto lililokunjika kwa kubanwa, alama nyekundu kwenye kope. Alingoja kile kitu alichokifuata, ule uhakika ambao alidhani wanawake wengine wote wanao na yeye aliibiwa. Mtoto alikuwa hafanani na mtu yeyote. Alifanana na wazee wote na hakufanana na hata mmoja. Kama angewekwa kesho katikati ya watoto kumi na akaambiwa amchague, hakuwa na hakika angempata. Alikuwa amemwona akitoka kwa macho yake mawili, chini ya taa, na bado ilimbidi kuanza kumzoea kama mgeni.

Kilio cha mtoto kilipungua mapema mno. Kikageuka mlio, mguno mfupi kila pumzi, na mbavu zikawa zinazama. Mkunga alimsikiliza, akamkausha, akamsikiliza tena. Akamwita muuguzi wa watoto wachanga, aliyekuja na taulo kavu mkononi. Mkunga alisema si la kutisha, lakini anahitaji hewa na joto, na chumba cha watoto kiko upande wa pili wa uwanja. Kasoro hawezi kwenda. Kondo bado halijatoka na presha haijashuka. Ndugu mmoja anaweza kufuatana na mtoto.

"Aende nani? Baba yake yuko langoni, tumtafute? Au huyu wa kwenye benchi?" Sauti yake haikuegemea upande wowote.

Kutoka langoni mpaka hapa kulikuwa na mlinzi, na korido, na maswali. Mtoto aliguna. Kasoro aliuwazia ule mkono wenye pete, jinsi ulivyokikuta kigurudumu bila kupapasa. Akawazia pia namna mwenye mkono alivyosema hapana, wakati ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Mwiteni mama," akasema.

Mama mkwe aliingia akasimama karibu na ukuta, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Nenda naye," Kasoro akamwambia. "Popote watakapompeleka."

"Wakinitoa nje je? Wakifunga mlango?"

"Kaa mlangoni. Na wakikupa mtu, uliza."

Mama mkwe alisogea. Hakumchukua mtoto kwanza. Alilifunua usoni taulo ambalo muuguzi alikuwa amemfunika, akainama kwenye ile taa, akamtazama sikio la kushoto, kope, nywele, kidevu, akichukua muda mrefu kiasi kwamba muuguzi alikohoa. Akaangalia na miguu.

"Nimemwona," akasema.

Muuguzi akamchukua mtoto, na mama mkwe akamfuata nyuma karibu kumkanyaga visigino. Mlango ulirudi ukajifunga nusu. Kasoro alizisikiliza nyayo zao kwenye sakafu ya korido, kisha kwenye kokoto za uwanja, mpaka zikachanganyika na nyayo za watu wengine. Mkunga alikuwa amemwekea kiganja tumboni na anamwambia asukume kidogo tena, mara moja tu. Alisukuma, akiendelea kuutazama mlango.